Fremu ya Lavington na Fremu ya Mutuini

Nekesa wangu,

Umetoka kwenda kuaga vijana wenzako kanisani, na vile ninavyowajua, kuaga kwenu kuna chai na mandazi ndani yake. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Barua nitaiweka kwenye begi, chini ya sweta. Ukiipata nitajua sweta imetoka kwenye begi, na hilo moja nitakuwa nimelimaliza. Mambo ya kula vizuri na kutotembea gizani sitayaandika. Umeyasikia tangu uko darasa la kwanza na bado unafanya unavyotaka.

Nataka kukuandikia juu ya fremu ya baiskeli. Usicheke. Najua akina mama wengine hapa Riruta huwaandikia watoto wao juu ya Mungu na juu ya wanaume, na hayo nayo nitayagusa nikipata nafasi. Lakini kila nikikaa kujiuliza nikushukuru kwa lipi kabla hujaondoka, ninachokiona ni wewe umepiga magoti kwenye nyasi za watu kule Lavington, umepindua fremu juu chini, na mimi nimesimama kando nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wale watu wa kambi ya mbio za baiskeli kule Nanyuki walikuwa wamekwambia wazi. Kitanda watakupa, chakula watakupa, kocha yuko, lakini baiskeli uje nayo mwenyewe. Na iwe ile yenye springi mbele na nyuma, maana milima yao si ya kuteremka na baiskeli ya kubebea maziwa. Wewe ulikuwa na kila kitu isipokuwa fremu. Magurudumu, breki, pedali, usukani, vyote ulikuwa umevikusanya kimoja kimoja, vimejaa chini ya kitanda mpaka ndala zangu zikakosa pa kulala. Fremu mpya sote tulijua si ya watu kama sisi. Ilikuwa tupate iliyotumika, na tuipate kabla ya mwezi kuisha, ama hiyo nafasi wampe msichana mwingine.

Baba yako huko Bungoma nilipompigia alisema anaomba. Mimi nami nikafanya kile ninachofanya kila tukikosa kitu: nikamwambia madam. Nilikuwa napiga pasi, yeye anakunywa chai yake, nikamweleza kwamba mtoto wangu anatafuta fremu ya baiskeli ya milimani.

"Si Baba Tasha ako na moja kwa stoo?" akasema. "Hajaipanda tangu aanze gofu. Mwambie mtoto akuje achukue, mtanipa tu kitu kidogo."

Nikaacha pasi, nikamshukuru kwa mikono miwili. Fremu yenyewe sijaiona, sijui kama ni nzima, sijui hata kama inakutosha. Nimeshashukuru.

Hapo ndipo nataka uelewe mama yako. Hii nyumba yetu karibu yote imetoka nyuma ya ukuta wa Lavington. Kiti cha kukunja, mapazia, viatu vyako vya kwanza vya shule, hata Biblia yangu ya jikoni. Na mtu anayepewa vitu hujifunza adabu yake mapema: unapokea, unapiga goti kidogo, unasema Mungu akubariki madam, unabeba. Huangalii ndani. Hupindui. Ukipindua mbele ya aliyekupa ni kama umemwambia amekupa takataka, na kesho akiwa na kitu kizuri atampa mwingine. Hiyo adabu hakuna aliyenifundisha kwa mdomo. Niliikuta kwa wanawake wenzangu tulipokuwa tukingojea vibarua pale getini, nikaivaa kama walivyoivaa.

Ile friji unaikumbuka. Ilivutwa na mkokoteni kutoka Lavington mpaka hapa, majirani wote wamesimama nje, na mimi natembea mbele kama bibi harusi. Tukaichomeka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Haikuwahi kugandisha hata maji. Na madam kila akiniuliza, "Mama Nekesa, friji inafanya?" mimi namjibu, "Vizuri sana, madam, Mungu akubariki." Miaka yote hiyo tunaweka unga ndani, na wewe unaniangalia tu.

Sasa ile Jumamosi. Ulikuja Lavington umevaa ile nguo ya kanisani kwa sababu nilikulazimisha. Baba Tasha mwenyewe, mume wa madam, hakuwepo. Askari wa geti akaitoa fremu stoo, akaiweka kwenye nyasi, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Nyeusi, inang'aa, hata mimi nisiyejua kitu niliona hiyo ni mali. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, Nanyuki hiyo hapo. Nilikuwa nimeshainama niibebe.

Wewe ukasema, "Madam, samahani, naweza kuicheki kidogo?"

Mwanangu, nikainuka. Ukapiga magoti na nguo ya kanisani. Ukaipindua. Ukamulika na simu chini pale mishikio ya pedali inapopita, ukasoma namba zilizogongwa kwenye chuma. Ukashika ile sehemu ya nyuma inayocheza juu na chini, ukaitikisa kushoto na kulia huku umetega sikio. Kisha ukaanza kupitisha kucha kila mahali bomba linapokutana na bomba, polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Mimi nakukanyaga mguu. Wewe unausogeza mguu unaendelea.

Ukafika pale nguzo ya kiti inapoingia. Kulikuwa na stika ndogo nyekundu, upande mmoja tu. Ukaangalia upande wa pili, hakuna. Ukairudia. Ukaanza kuibandua na kucha, mbele ya madam, bila hata kuniangalia.

Chini yake kulikuwa na mstari mwembamba, kama unywele.

"Si hiyo ni rangi tu imekwaruzwa?" madam akauliza.

"Inaweza kuwa rangi, madam," ukasema. "Lakini kucha inanasa. Huu ni ufa, na umezunguka. Asante sana, lakini hii siwezi kuchukua."

Nami nikarukia hapo hapo. Nikasema, madam tutaichukua, hakuna shida, pale kwetu Naivasha Road kuna fundi anachomelea mageti, ataipiga weldi itakuwa sawa. Hilo ndilo kosa langu la ufundi, mwanangu. Huku kwetu kila kitu kinachomelewa. Kiti kikivunjika, chomelea. Jiko likitoboka, chomelea. Nikadhani na fremu ni hivyo.

Ukaniambia taratibu, "Mama, hii si chuma cha geti. Ni aluminiamu. Ukiichoma moto pale kando inakuwa laini. Itashika leo, ikatike siku niko kwa kasi."

Askari akaangalia viatu vyake. Tukaondoka mikono mitupu, na kutoka Lavington mpaka Riruta nilikugombeza njia nzima. Nilikwambia huna adabu. Nilikwambia umeniharibia kazi. Nilikwambia Nanyuki umeifunga mwenyewe kwa kucha zako, na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu karatasi hii nataka uihifadhi. Tukafika pale wanapouza makaa. Ukasimama ukanitazama.

"Mama, nikianguka na hiyo kitu kule juu, hiyo asante yako itanidaka?"

Niliendelea kutembea nikijifanya nimekasirika, lakini hasira ilikuwa imeniishia pale pale kwenye makaa. Kwa sababu niliona. Niliona wewe ukishuka mlima, ile fremu nyeusi ikikatika pale chini ya kiti, na mimi hapa nawaambia watu tulipewa na madam, Mungu ambariki. Ningekuzika huku nashukuru.

Jumatatu nilienda kazini nimejitayarisha kufukuzwa. Nilikuwa hata nimebeba mfuko wa kuwekea aproni yangu. Madam alikuja jikoni, akasimama karibu na sinki, kitu ambacho hafanyi.

"Mtoto wako alikuwa sawa," akasema. "Nimemuuliza Baba Tasha. Aliingia na gari gereji akasahau baiskeli iko juu ya paa, ikagonga mlango. Alifikiria ni mkwaruzo tu, akaweka stika."

Nikasema pole, madam. Sijui nilikuwa nampa pole ya nini.

Akaniangalia. "Mama Nekesa. Ile friji niliwapa, hiyo inafanya kweli?"

Nekesa, nilijaribu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema vizuri sana. Lakini nikakumbuka kucha yako kwenye ile stika, nikasema, "Hapana, madam. Haijawahi. Tunaweka unga ndani."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nami nikacheka, na machozi yakatoka, na hayo machozi sikujua yote yalikuwa ya kicheko au la. Tangu nianze kufanya kazi kwa yule mama, hiyo ndiyo siku ya kwanza tuliongea. Hilo nalo ni lako, nakushukuru kwalo. Hukuniharibia kazi. Ulinifanya niwe mtu pale jikoni.

Lakini fremu bado hatukuwa nayo, na mwezi ulikuwa unakimbia. Nilikuwa nakusikia usiku unavyogeukageuka. Ndipo ukapata habari za yule kijana wa Mutuini, Njoroge, yule ambaye babake ana ng'ombe na nyumba za kupangisha. Alivunjika bega, daktari akamkataza milima, akawa anauza fremu. Nikasema naja na wewe. Ukasema, "Mama, lakini usishukuru kabla." Nikakubali. Sijawahi kupewa sharti na mtoto wangu nikalikubali haraka hivyo.

Ilikuwa imening'inia kwenye zizi la ng'ombe, na sura yake, Mungu anisamehe, ilikuwa mbaya. Kijani kama dawa ya minyoo. Imechubuka kila upande, ina matope ya mvua zilizopita. Nikamtazama Njoroge nikiwaza, huyu naye anatuona wajinga. Kabla hujaigusa akasema:

"Ngoja kwanza niwaambie shida zake. Beringi ya kiungo cha chini imeisha, utaisikia ikicheza. Hapa kuna shimo ndogo, niligonga jiwe, lakini halijapasuka, angalia mwenyewe. Na inakula magurudumu ya kile kipimo cha kati, ya zamani, ndiyo maana watu hawaitaki. Pindua, fungua, fanya vile unataka. Spana ziko."

Nilishangaa. Kwa maisha yangu yote sijawahi kukutana na mtu anayeuza kitu akaanza na ubaya wake. Nikadhani huo ni ujanja mpya. Lakini wewe ulikuwa umeshatabasamu, kwa sababu magurudumu yaliyojaa chini ya kitanda chetu yalikuwa ya hicho kipimo kisichotakiwa.

Hapo ndipo mimi nilipata kazi. Ulianza kupangusa na kitambaa kikavu, nikakuzuia. Nikamwambia Njoroge, nipe maji ya moto na sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Kitu kichafu huwezi kukikagua, hilo nalijua kuliko nyote wawili. Nikaiosha ile fremu pale nje kama mtoto mchanga, kila pembe, kila kiungo, mpaka ile kijani ikaanza kuonekana kama rangi ya mtu mwenye akili. Wewe unafuata nyuma na kucha na tochi. Sijui wewe, lakini mimi hiyo ni moja ya siku zangu nzuri hapa Nairobi.

Hakukuwa na ufa. Ulirudia mara ya pili ukaniambia niangalie na mimi, nikaangalia, nikapitisha kucha yangu mwenyewe, haikunasa mahali. Namba za chini hazikuwa zimesagwa kama za baiskeli ya wizi, na Njoroge akatuonyesha picha zake kwenye simu akiwa juu ya hiyo hiyo fremu, bega likiwa bado zima. Beringi ilicheza kama alivyosema, pale pale aliposema. Ukaniambia, "Hii ni kitu ya kubadilisha, mama, beringi hununuliwa. Ufa hauna spea." Nikakuelewa.

Ikabaki springi ya nyuma, ile inayojazwa hewa. Uliijaza na pampu, ukasoma kipimo, ukasema tungoje tuone kama itashika au itavuja polepole. Basi tukangoja. Njoroge akatengeneza chai. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nakunywa chai ya ng'ombe wao, na moyo wangu wote uko kwenye kile kichupa cha hewa. Nilitaka sana kusema kitu. Nilitaka kusema asante, Mungu akubariki kijana, tunachukua, ili ile hofu iishe. Ukaniona. Ukanitikisia kichwa kidogo. Nikapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Nilimwona pia vile Njoroge alikukorogea sukari wewe na mimi akaniwekea sukari kando nikoroge mwenyewe. Hayo ndiyo mambo ya wanaume niliyosema nitayagusa. Sina neno naye. Anayeanza na shida zake, msikilize. Mengine utaona mwenyewe.

Uliporudisha pampu na sindano ikasimama palepale, ulinigeukia ukasema, "Sasa, mama." Yaani sasa naweza. Nikamlipa yule kijana, nikamshukuru mpaka akaona haya. Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikampigia goti mtoto wa watu, na mara hii nilijua ninashukuru nini.

Jumapili pasta akaiombea fremu mbele ya kanisa na wewe ukajificha nyuma ya kina mama wa kwaya. Nilikuona. Vumilia, hiyo nayo ilikuwa shukrani yangu.

Sasa iko hapo ukutani imekamilika, baiskeli nzima, inangojea asubuhi. Kila nikiinua kichwa naiona. Nataka kukwambia kitu ambacho kwa mdomo kingenikwama. Asante kwa kutonitii pale kwenye nyasi. Nilikukanyaga mguu na ukausogeza. Mtoto mwingine angemheshimu mama yake akabeba ile nyeusi nyumbani, na mimi ningemwita mtoto mzuri. Nilidhani nimekulea uwe na adabu yangu, kumbe ulikuwa unaniangalia na ile friji ya unga, ukaamua kivyako. Sijui uliipata wapi hiyo adabu yako, lakini namshukuru Mungu uliipata, kwa sababu kwangu haikuwepo.

Kuna jambo la jana sijakwambia. Madam alisikia unaondoka. Akaniita akaniambia, kwa roho safi kabisa, kwamba sasa sina sababu ya kulipa kodi Riruta. Kile chumba cha uani nyuma ya jikoni kiko wazi, nihamie, nikae bure, nisiwe nikiamka gizani kuja kazini. Nilijua ni wema. Goti lilikuwa limeshaanza kukunjika. Kisha nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Madam, naomba kwanza nikione."

Alishangaa kidogo, akanipa ufunguo. Nikaingia. Nikafungua mfereji, maji yalitoka. Nikaangalia dari, hakukuwa na alama ya mvua. Nikakalia kitanda, nikakitikisa. Nikafunga mlango nikiwa ndani nione giza likoje. Ndipo nikatafuta komeo, na nikapitisha mkono kwenye mlango wote, juu mpaka chini. Komeo lilikuwa nje tu. Ndani hakukuwa na kitu. Hicho chumba hufungwa na mtu mwingine.

Nikatoka nikamrudishia ufunguo. Nikamwambia asante kwa kunifikiria, lakini nitaendelea kulala kwangu. Akauliza kama ni kodi, ataniongeza kidogo. Nikamwambia si kodi, ni mlango. Nikamwonyesha. Alitazama, akasema hakuwahi kuona, kesho ataita fundi. Nikamwambia amwite tu, atakayekuja kulala hapo baadaye atamshukuru.

Kwa hivyo sihami, Nekesa. Hapa ni pabaya, najua, paa linapiga kelele na jirani anapika samaki kila siku. Lakini mlango huu nafunga na kufungua mimi. Siku utakayorudi, ukiwa umeshinda au wamekurudisha, saa yoyote, usipige simu kuuliza kama kuna nafasi. Gonga tu. Nitaamka nikufungulie.

Mama yako